SOMO LA UFUNDI: KIATU CHA MTU MWENYE MGUU WA BANDIA



Huko vijijini wapo wenzetu waliokatwa mguu. Wengine walipata ajali barabarani. Wengine walipata kidonda kisichopona kwa sababu ya ugonjwa wa kisukari. Wengine waliumwa na nyoka wakachelewa kufika hospitali. Baadhi yao wamebahatika kupata mguu wa bandia. Lakini kupata mguu ni jambo moja, na kuutembelea kila siku ni jambo jingine.

Leo tutajifunza habari ya kiatu. Somo hili ni la mafundi viatu wa vijijini, ni la wenye miguu ya bandia, na ni la jamaa zao pia. Soma polepole. Chukua rula na kalamu, maana ndani ya somo hili mna kazi ya kupima.

Tuanze na mazungumzo ya mfano.

MAZUNGUMZO CHINI YA MWEMBE

Ni siku ya gulio. Fundi viatu amekaa chini ya mwembe. Mama mmoja anakuja kwa magongo mawili.

Fundi: Shikamoo mama.

Mama: Marahaba mwanangu. Hujambo?

Fundi: Sijambo. Karibu ukae. Mama, mbona unatembelea magongo? Si tulisikia umepewa mguu hospitali?

Mama: Nimepewa, baba. Uko nyumbani, nimeutundika ukutani.

Fundi: Lo! Umevunjika?

Mama: Wala haujavunjika. Nilirudi nao kutoka hospitali natembea vizuri tu. Nikalima nao msimu mzima. Halafu viatu nilivyokuwa navyo vikachakaa. Nikanunua vingine hapa hapa mnadani, vya ngozi, vizuri kweli. Tangu siku hiyo mguu ukawa unanisukuma mbele. Goti linakunjika lenyewe. Nikiteremka mtoni naanguka na ndoo. Mara ya pili niliangukia mkono, ukavimba wiki nzima. Basi, nikasema mguu huu haunitaki. Sasa maji anachota mjukuu wangu, na siku nyingine shule haendi.

Fundi: Pole sana mama. Vile viatu vya zamani unavyo bado?

Mama: Ninavyo. Vimekwisha, lakini sikuvitupa.

Fundi: Basi gulio lijalo niletee vyote: vya zamani, vipya, na mguu wenyewe. Tusiulaumu mguu kabla hatujapima kiatu.

Fundi huyu amesema neno la maana. Hebu tuone kwa nini.

MGUU WA BANDIA UKOJE?

Mguu wa bandia una sehemu kubwa tatu. Juu kuna sehemu yenye umbo la kikombe. Humo ndimo kinamoingia kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki baada ya kukatwa. Katikati kuna bomba au gongo linalochukua nafasi ya muundi. Chini kuna unyayo wa bandia. Mtu aliyekatwa juu ya goti huongezewa goti la bandia.

Unyayo wa bandia unaotumika sana kwetu hauna kifundo kinachokunjika. Ndani yake kuna kitu kigumu, na nje kuna mpira au kitu kingine laini. Kisigino chake hubonyea kidogo mtu anapokanyaga. Lakini mwenye mguu hawezi kuunyoosha wala kuuinua unyayo huo apendavyo.

Sasa fikiri juu ya mguu wako mzima. Ukivaa kiatu chenye kisigino kirefu, kifundo chako hujikunja chenyewe. Ukivua kiatu, hujirudi. Wewe huna habari, mwili umeshafanya kazi. Mguu wa bandia hauwezi kufanya hivyo. Fundi wa hospitali anapoufunga mguu huo, huufunga kwa kufuata kisigino cha kiatu alichokuja nacho mgonjwa siku ile. Baada ya hapo mguu unakijua kisigino hicho kimoja tu.

Ndiyo maana tunasema: kiatu ni sehemu ya mguu. Ukibadili kiatu ovyo, umebadili mguu.

JAMBO LA KWANZA: TOFAUTI YA KISIGINO

Watu wengi hudhani kuwa jambo kubwa ni urefu wa kisigino peke yake. Siyo hivyo. Jambo kubwa ni tofauti kati ya unene wa kiatu kisiginoni na unene wake mbele, pale palipo pana chini ya vidole.

Pima hivi:

1. Weka kiatu juu ya meza au ubao ulionyooka.
2. Pima kutoka mezani hadi mahali kisigino cha mtu kinapokaa. Usisahau unene wa soli ya ndani.
3. Pima kutoka mezani hadi mahali sehemu pana ya unyayo inapokaa.
4. Toa kipimo cha mbele katika kipimo cha nyuma. Jibu ndilo tofauti ya kisigino.

Tufanye hesabu ya viatu vya yule mama.

Kiatu cha zamani: nyuma sentimeta 2 na nusu, mbele sentimeta 1 na nusu. Tofauti ni sentimeta 1.

Kiatu kipya: nyuma sentimeta 4 na nusu, mbele sentimeta 1 na nusu. Tofauti ni sentimeta 3.

Umeona? Kiatu kipya kimezidi kwa sentimeta 2. Kwako wewe ni kitu kidogo. Kwa mguu usiokunjika kifundo ni kitu kikubwa. Kisigino kikiinuka, mguu wote hulala mbele. Goti husukumwa likunjike. Mtu hujiona kama anateremka kilima wakati wote, hata akiwa uwanjani. Mtu mwenye goti la bandia yumo hatarini zaidi, kwa kuwa goti lile linaweza kukunjika ghafla akaanguka kifudifudi.

Na kisigino kikiwa kifupi kuliko kipimo? Hapo mguu hulala nyuma. Goti husukumwa kurudi nyuma, na mtu hujiona kama anapanda kilima. Atachoka upesi, na goti litamwuma.

Jihadhari na jambo moja. Kiatu cha zamani huwa kimelika kisigino. Usipime mahali palipolika. Pima upande uliobaki mzima. Na iwapo mwenye mguu aliandikiwa kipimo hospitali, fuata kipimo hicho.

JE, UKITEMBEA BILA KIATU?

Mguu uliofungwa kwa kiatu chenye kisigino, ukiutembelea pekupeku, huwa kama kiatu cha kisigino kifupi: unakusukuma nyuma. Jambo hili lina maana kubwa kwetu. Sisi huvua viatu tunapoingia nyumbani. Waislamu huvua viatu msikitini. Wapo wanaolima pekupeku. Kwa hiyo unapokwenda kupimwa mguu, usikae kimya. Mwambie fundi: "Mimi kazi yangu ni kulima mpunga," au "Mimi nasali msikitini mara tano kwa siku." Naye aufunge mguu akijua maisha yako.

Tusome kidogo habari ya watu wa India, maana wao walikutana na shida hiyo hiyo.

Katika mji wa Jaipur alikuwako daktari wa mifupa, Dk. P. K. Sethi. Miguu ya bandia iliyokuwapo wakati huo ilifuata mtindo wa Ulaya na Marekani. Ilitaka kuvaliwa kiatu wakati wote. Lakini mkulima wa India huingia shambani pekupeku. Huchuchumaa. Hukaa chini akakunja miguu. Huvua viatu nyumbani na hekaluni. Basi watu wengi wakapewa miguu, kisha wakaiacha, wakarudia magongo yao.

Hospitalini hapo alikuwako pia fundi mmoja, Ram Chandra Sharma. Elimu yake ya shule haikuwa kubwa, lakini mikono yake ilikuwa ya fundi hasa. Inasimuliwa kuwa siku moja baiskeli yake ilipata pancha. Alipokuwa kwa fundi wa matairi aliona tairi kuukuu la lori likivishwa mpira mpya kwa moto. Akarudi hospitali na wazo: kama mpira unaweza kufunikwa juu ya tairi, kwa nini usifunikwe juu ya unyayo?

Mwaka 1968 unyayo wa Jaipur ukapatikana. Ulitengenezwa kwa mpira na mbao, ukapikwa ndani ya kalibu. Ulikuwa na vidole na rangi ya ngozi. Mtu aliweza kuutembelea pekupeku, kuchuchumaa, na kuingia nao matopeni. Mwaka 1975 kikaundwa chama mjini humo cha kuwapa watu miguu hiyo bila malipo. Mwaka 1981 Dk. Sethi alipewa tuzo ya Ramon Magsaysay, ambayo hutolewa nchini Ufilipino.

Tunajifunza nini hapo? Daktari na fundi hawakuanza na kifaa. Walianza kwa kuangalia mtu anaishije. Na fundi viatu wa kijijini afanye vivyo hivyo. Kabla ya kukata mpira, amwulize mteja wake: unakwenda wapi na kiatu hiki, na unafanya kazi gani?

KIATU KIZURI KINA MAMBO GANI?

Mbali na kisigino, yako mambo mengine sita.

1. Kishike mguu chenyewe. Kandambili hukaa mguuni kwa sababu vidole vyako huzibana bila wewe kujua. Vidole vya bandia havibani kitu. Miguu mingi ya bandia haina hata nafasi ya kupitisha gidamu. Kwa hiyo kandambili haifai. Kiatu kiwe na mkanda mpana juu ya unyayo na mkanda mwingine nyuma ya kisigino.

2. Kifunguke sana. Unyayo usiokunjika hauingii katika kiatu chenye mdomo mwembamba. Ndiyo sababu mabuti ya mvua ni taabu kubwa. Kiatu cha kamba kifunguke hadi karibu na vidole. Ndala ya mikanda iwe na bizimu, ifunguliwe yote.

3. Kiwe chepesi. Kiatu kizito huuvuta mguu chini kila mtu anapoinua hatua. Kigutu husuguana na kikombe, na mwisho wake ni kidonda. Fundi, kabla ya kuongeza kipande cha mpira, jiulize kama kinahitajika kweli.

4. Kiwe na soli pana na yenye kushika chini. Mwenye mguu wa bandia hawezi kuhisi kama amekanyaga utelezi. Anahitaji soli yenye mikato. Lakini isiwe na meno marefu ya kubeba udongo, maana tope ni mzigo. Mbele soli iinuke kidogo, kama mtumbwi, ili mguu ubingirike kwa urahisi na ncha isijikwae.

5. Kisiwe na kitu chenye ncha ndani. Mguu wa bandia hausikii maumivu. Msumari ukichomoza, utatoboa mpira wa unyayo pole pole, na maji na mchanga vitaingia ndani. Tena matairi mengi ya siku hizi yana nyaya za chuma. Usitumie kipande chenye nyaya. Mtafutie mteja wako tairi la nyuzi.

6. Viatu viwe jozi moja. Soli za viatu viwili ziwe na unene sawa. Ukiongeza unene upande mmoja tu, umefanya mguu mmoja mrefu na mwingine mfupi. Mtu atachechemea na kiuno kitamwuma.

USISAHAU MGUU MZIMA

Huu ndio mguu unaobeba kazi kubwa sasa. Kama mtu alikatwa mguu kwa sababu ya kisukari, mguu uliobaki nao umo hatarini. Huenda hausikii vizuri. Jiwe dogo ndani ya kiatu linaweza kuleta kidonda bila yeye kujua, na kidonda kikaleta kukatwa mara ya pili.

Kwa hiyo pima kila mguu peke yake. Mguu wa bandia hauvimbi, lakini mguu mzima huvimba kidogo jioni. Upime jioni. Acha nafasi mbele ya vidole. Weka soli laini ya ndani. Mfundishe mwenye kiatu kukung'uta viatu kila asubuhi kabla ya kuvaa, na kutazama unyayo wake kila jioni. Kama macho yake ni mabovu, mtoto au jirani amtazamie.

TUTENGENEZE KATAMBUGA ZA MIKANDA

Tuseme kipimo cha mteja ni tofauti ya sentimeta 1. Katambuga ya kawaida ni nene sawasawa, nyuma na mbele. Tofauti yake ni sifuri. Basi fanya hivi:

1. Chora unyayo wa bandia juu ya karatasi. Chora na mguu mzima juu ya karatasi nyingine.

2. Kata soli za chini kwa tairi jembamba, la pikipiki au la gari dogo. Tairi la lori ni zito.

3. Kata soli za katikati kwa mpira mwepesi, mfano wa ule wa kandambili, lakini mgumu kidogo. Ukiwa laini mno, kisigino kitazama na kipimo chako kitapotea.

4. Kata kabari mbili za mpira. Kabari iwe na unene wa sentimeta 1 kisiginoni, ipungue taratibu mpaka iishe kabla ya sehemu pana ya unyayo. Weka kabari katika viatu vyote viwili.

5. Funga mikanda kwa kushona na gundi. Kama huna budi kutumia misumari, piga ncha zake zilale, kisha funika kwa soli ya ndani. Pitisha kidole chako kila mahali. Kidole chako ndicho kitakachosikia badala ya ule mguu.

6. Pima tena kwa rula, nyuma na mbele, kabla ya kumwita mteja.

Sasa mjaribishe. Asimame akishika meza au bega la mtu. Mwulize: "Goti linasukumwa mbele? Linasukumwa nyuma? Au limetulia?" Likisukumwa mbele, punguza kabari. Likisukumwa nyuma, ongeza kidogo. Kisha atembee hatua kumi huku ukiwa karibu yake. Usimwache peke yake mpaka amezoea.

KUVAA NA KUTUNZA

Ni rahisi zaidi kuvaa kiatu kwanza, mguu ukiwa mapajani, halafu ndipo uvae mguu. Kwa kiatu cha kufunika, tumia kijiko nyuma ya kisigino. Soksi nyembamba nayo husaidia unyayo kuteleza ndani. Usisukume kwa nguvu wala kugonga kwa nyundo.

Viatu vikiloa, vifute na uvianike kivulini. Usiviweke karibu na moto. Mwenye mguu wa bandia akikaa jikoni, atazame mguu wake, kwa kuwa unaweza kuungua asipate habari. Kila juma geuza kiatu utazame kisigino. Kikilika upande mmoja, kipeleke kwa fundi mapema.

FUNDI VIATU ASIFANYE HAYA

Asichonge wala kukata unyayo wa bandia ili uingie katika kiatu. Asipigilie kiatu kwenye mguu. Asiguse skrubu za mguu. Asitie kitu chochote ndani ya kikombe. Hizo ni kazi za fundi wa viungo bandia, naye husomea kazi hiyo kwa miaka. Pale Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, kipo chuo cha mafundi hao kilichoanzishwa mwaka 1981, na wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika. Ukiona kigutu kina kidonda, au mguu unacheza ndani ya kikombe, mwambie mwenzako arudi hospitali. Hapo kiatu hakiwezi kuwa dawa.

TURUDI KWA YULE MAMA

Gulio la pili mama alikuja na mguu wake ndani ya kikapu. Fundi akapima viatu, akapata hesabu ile tuliyoifanya. Mama akasema, "Basi kata kisigino, baba." Fundi akamjibu, "Siwezi, mama. Kiatu hiki kimejengwa kwa kisigino hiki. Nikikata sentimeta 2, ncha itaangalia juu na kiatu kitapinda. Kiuze kwa mwenye miguu miwili. Wewe nitakutengenezea katambuga zako."

Alipozivaa, alisimama akishika shina la mwembe. Fundi akamwuliza goti linasemaje.

"Limenyamaza," mama akasema.

Akatembea mpaka kwa mwuza chumvi na kurudi. Magongo aliyabeba mkononi. Alipokuwa anaondoka, fundi alimwambia asiende mtoni siku ile ile, ajizoeze kwanza uani. Mama akacheka. "Nitajizoeza, mwanangu. Lakini Jumatatu mjukuu wangu anakwenda shule."

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mguu mzima unaweza kuvaa viatu vya visigino mbalimbali, na mguu wa bandia hauwezi?
2. Kiatu kina sentimeta 3 na nusu nyuma na sentimeta 2 mbele. Tofauti ya kisigino ni ngapi? Je, kinamfaa mtu ambaye kipimo chake ni sentimeta 1? Goti lake litasukumwa upande gani?
3. Kwa nini kabari huwekwa katika viatu vyote viwili?
4. Pima kiatu chako mwenyewe leo. Andika vipimo viwili na tofauti yake.
5. Je, kijijini kwenu yuko mtu aliyetundika mguu wake ukutani? Nenda ukamsalimu. Mwulize alianza kuuacha lini, na siku ile alikuwa amevaa kiatu gani.